Jinsi Benchi la Maman Chantal Lilivyonipeleka Kusoma Sheria

Mambo yalianza Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, saa kumi na robo alasiri, kwenye benchi la ligablo, kibanda cha kahawa cha Maman Chantal, mtaani Nyalukemba. Mvua ilikuwa imekatika, benchi limefutwa upande mmoja tu, na mimi nilikuwa na bahasha ya vyeti vyangu, kila kimoja ndani ya plastiki yake. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya agronomia, elimu ya kilimo, kisha nikagundua kwamba ninataka sheria, ambayo kwetu huitwa droit. Njia nilizozijua zilikuwa mbili: kuanza upya mwaka wa kwanza, au kuomba kuhama faculté, yaani kitivo, na kuingia mwaka wa pili, wakizikubali krediti zangu. Baba, aliyeko Walungu, husomesha watoto kwa zamu. Mpaka mimi nilete diploma ya licence, ambayo ni ya miaka mitatu, mdogo wangu Carine anabaki nyumbani akisubiri. Njia moja ingemkalisha miaka mitatu, nyingine miwili. Kwa hiyo nilikwenda kutafuta ushauri kwa wataalamu.

Mtaalamu wa kwanza ni Papa Philémon, tunayemwita Recteur, mkuu wa chuo. Alilinda lango la chuo kikuu kimoja miaka kumi na moja, na tangu hapo anakizungumzia kama aliyekijenga.

— Unataka kuhama faculté? aliuliza Recteur. Mutoto, iko kama transfert ya mugonjwa. Hospitali ya kwanza njo inaandika: tumeshindwa.

— Ni kusema nini, Papa Recteur?

— Anguka. Anguka cours zote za agronomie. Bakishakufukuza, droit itakupokea juu ya huruma.

— Nilipata sabini na moja kwa mia.

— Njo erreur yako ya kwanza.

Pembeni yake, Bâtonnier alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Jina lake ni Pascal; Bâtonnier, mkuu wa mawakili, ni la utani. Alikaa mahakamani miaka tisa juu ya kiwanja kimoja, akashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikompa heshima yote aliyonayo.

— Usimusikilize huyu mulinzi wa portail, alisema. Sheria haisomwaki mu auditoire ya chuo. Inasomwaka mu kesi. Tafuta mutu akushitaki.

— Anishitaki juu ya nini, tonton?

— Kitu yote! Kiwanja, mbuzi, matusi. Unashindwa, unakata rufaa, unashindwa tena. Miaka tisa, umemaliza. Mi niko na dossier mingi kupita professeur.

— Na diplôme?

— Diplôme ya nini? Nani alishaka kuniomba diplôme?

Ni kweli. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu, isipokuwa aondoke kwenye kile kiwanja.

Maman Chantal aliweka thermos chini.

— Munapoteza mutoto wa batu. Merveille, ingia couvent, kwa masista.

— Couvent, maman?

— Eh! Masista banatumwaka kusoma droit canon, sheria ya Kanisa, mpaka Roma. Ukishamaliza, unavua voile ya kichwa, unarudia hapa maître, wakili muzima.

— Na nadhiri?

— Za mwanzo ziko provisoire, za muda tu, alijibu Recteur, kwa sauti ya mtu aliyeziweka nyingi.

— Lakini droit canon haiko ile droit ninayotaka.

— Droit ni droit, alisema Maman Chantal. Sukari ngapi?

Recteur hakupenda kuzidiwa na couvent. Akasogea mbele.

— Sikiliza. Panda pikipiki, enda Luhwindja. Kule kwa or, kwa zahabu, kila siku batu banagombana juu ya shimo. Wee unasimama katikati, unasema Kifaransa. Chef anakufanya conseiller, mushauri wake. Mwaka moja, uko ministre wa justice. Ministre banamuombaka relevé de cotes, karatasi ya alama?

— Na nikishindwa kuwapatanisha?

— Basi utakuwa na kesi, alisema Bâtonnier, amefurahi. Ni vile mi nilisema.

Nilikuwa ninaandika. Ndiyo, niliandika yote kwenye daftari, kwa namba, na couvent nikaipigia mstari. Hofu humfanya mtu aheshimu chochote kinachosemwa kwa sauti kubwa.

Wakati huo motard mmoja, dereva wa pikipiki ambaye hatukuwahi kumwona pale, alikuwa amesimama akinywa kahawa, kofia ya pikipiki kwapani. Maman Chantal alikuwa amemwita Bisimwa kwa kusoma jina lililoandikwa mgongoni mwa kizibao chake cha kazi.

— Pardon, maman mudogo, aliniambia. Ku faculté yenyewe, balikujibu nini?

Bâtonnier akaanza kupuliza kahawa iliyokuwa imepoa zamani. Recteur akatazama mawingu. Kisha wote wakanigeukia, kana kwamba mimi ndiye niliyewapotezea wakati.

— Sijaenda, nilisema.

— Uko unafikiri tangu lini?

— Wiki tatu.

— Na faculté iko mbali?

Paa lake lilionekana kutoka tulipokaa. Nililifunga daftari. Benchi haliwezi kukukatalia; dirisha la faculté linaweza.

Bisimwa alirudisha kikombe, akawasha pikipiki yake, akaondoka.

— Bamotard! alisema Recteur. Ni haraka tu.

Kesho yake, Alhamisi, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, nilikuwa kwenye dirisha la faculté ya sheria. Mwandikishaji alizipitia karatasi zangu bila kuzitoa kwenye plastiki.

— Kwa krediti mia moja na makumi mbili, tunakubali kumi na ine. Ukiingia leo, ni mwaka wa kwanza. Ukimaliza licence ya agronomie ukarudi nayo, unaingia droit mwaka wa pili. Anayefuata!

Nilipiga hesabu juu ya bahasha. Nikianza sheria leo, miaka mitatu. Nikimaliza agronomia mwaka mmoja, kisha sheria miwili, ni mitatu ileile. Lakini diploma ya kwanza ningempelekea Baba mwakani, Carine aanze, na sheria niisome nikifanya kazi. Hakuna kwenye benchi aliyeigusa njia hiyo. Haikuwa na Roma ndani yake.

Nilivuka ukumbi mpaka dirisha la agronomia, nikasimama nyuma ya watu kumi na mmoja, na ilipofika zamu yangu nikajiandikisha mwaka wa tatu.