Fimbo ya Baabie

Mzee Lowrie, mfugaji wa kondoo, hupanda basi la kisiwa cha Unst ili apate mtu wa kumkatisha tamaa. Leo alimpata Baabie, mama wa miaka sabini na sita kutoka mji wa Lerwick, anayetaka kwenda kwa miguu hadi majabali ya kaskazini akawaone ndege wa baharini.

“Dada, wale wakubwa wa kahawia wana makinda sasa. Watakushukia kichwani.”

“Nitainua fimbo. Wao hupiga kilicho juu kabisa, nawe unajua.”

“Haya, ukishaiinua utaegemea nini? Na nyonga yenyewe ya bandia.”

Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nikamhurumia Baabie bure.

Basi liliposimama mwisho wa barabara, aliinuka, akanyanyua fimbo juu ya kichwa, akatembea hadi mlangoni bila kugusa kiti hata kimoja. Fimbo ilipopita juu ya kofia ya Lowrie, mzee aliinama.