Mzee Zahoro Rai, Aliyezisoma Nyuso za Farasi

Tarehe 30 Juni 1967, Mzee Zahoro Rai, saisi mkuu wa Hoteli ya Mchangani hapa Diani, anastaafu baada ya kuwatunza farasi wetu kwa miaka ishirini na minane. Alikuja kutoka Majoreni kwa kibarua cha kukata majani, na hakuna aliyemfundisha kazi ya farasi. Aliwatazama tu, kila siku, hata akawajua.

Kila asubuhi, kabla ya kuwalisha, alisimama kimya mbele ya kila farasi, mikono nyuma. Masikio yaliyolala upande, ngozi iliyokazana juu ya jicho, tundu za pua zilizobanwa, kidevu kigumu kama ngumi: vyote hivyo alivisoma kuwa dalili za maumivu. Akiona mdomo wa chini umelegea kwa raha, alipita akitabasamu. Kila saisi mpya alitakiwa asimame vivyo hivyo, kisha aeleze farasi ana nini. Mimi, Fondo, nilijibu kwamba ana njaa. Mzee akaniambia mwenye njaa ni mimi, na kweli nilikuwa sijastaftahi.

Mwaka wa 1964 nilikuwa msimamizi wa banda, mkubwa wake kazini ingawa mdogo kwa umri na ujuzi. Tulikuwa na farasi jike, Zabibu, mtulivu kuliko wote. Alisimama ameinamisha kichwa, hapigi teke, hageuki. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo: anayeinama na kunyamaza ndiye mwenye adabu. Basi tukawapandisha juu yake wageni waoga, nami nikamsifu kila mahali.

Wiki ya sherehe za Jamhuri, Mzee alikataa kumtandika ili apandwe. Alisema huo si upole, ana maumivu mpaka amekata tamaa, nami nimtazame jicho. Nilimtazama, wallahi, nikaona adabu. Wageni walikuwa wakingoja. Niliandika barua ya onyo kwamba Zahoro Rai ni mkaidi, nikamrudisha kwenye kukata majani. Zabibu nikamtandika mwenyewe.

Siku ya nne alilala chini mchangani karibu na Galu, asiinuke tena. Daktari wa mifugo alikuta jino lililooza pale pale chuma cha lijamu kinapokaa mdomoni, na sumu yake imekwisha kuingia kwenye damu. Alisema angeitwa wiki moja mapema angemponya. Mzee Zahoro alitupa mundu wake akaja mbio, akakaa mchangani ameushika ule uso mpaka Zabibu alipokufa. Hakunitazama wala hakunilaumu.

Nilimrudisha bandani, na tangu hapo hakuna farasi aliyetandikwa bila idhini yake, na ndivyo watakavyoendelea masaisi sita aliowafundisha. Barua ile nimemwomba meneja aitoe kwenye faili, na maneno haya yamewekwa mahali pake. Mkaidi nilikuwa mimi.

Juzi nilikwenda kwake kumtaka radhi, nimechelewa miaka miwili na nusu. Alinipokea vizuri, na mkewe, Bi Bimkubwa, akanitilia chai. Mzee alisema yeye alinisamehe zamani, ila kwa niaba ya Zabibu hana idhini ya kunijibu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa yote. Mwenyezi Mungu akujaalie siha na siku za raha huko Majoreni, wewe na Bi Bimkubwa.