Marehemu Aminiel Gerson Nanyaro, Mwenye Bastola ya Mjerumani

Kamati ya mazishi iliomba wasifu huu uwe mfupi na mtamu. Ufupi tumejaribu. Umeandikwa na dada wa marehemu, Tekla, ambaye ndiye anayeusoma mbele yenu, na kila neno amelipitisha kwanza kwa mjane, Susana. Kila mahali ambapo Tekla alitaka kulainisha, mjane alikataa. Mwenye neno avumilie mpaka baada ya maziko, chakula kipo cha kutosha.

Marehemu Aminiel Gerson Nanyaro alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa hapa Poli, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gerson Nanyaro na Mama Elieshi. Babu yake, Mzee Solomoni, alibebeshwa mizigo ya Wajerumani katika vita vya kwanza, akarudi na mguu mbovu na kikombe cha bati. Hakurudi na kitu kingine chochote. Tunaomba hilo mlishike, maana marehemu hakulishika.

Alisoma shule ya misheni, kisha shule ya kati, akamaliza darasa la nane mwaka 1957. Alikuwa na mwandiko mzuri na sauti nzito kuliko umri wake, na kwa sababu ya sauti hiyo walimu walimpa nafasi ya Herode kwenye mchezo wa Noeli. Alitisha kweli, watoto wadogo walilia kanisani. Mchezo ulipokwisha alikataa kurudisha upanga wa mbao. Alikwenda nao kisimani na malishoni, na wenzake wakambebea kuni na maji mpaka mwalimu alipokuja nyumbani kuuchukua. Mama yetu alikuwa akikisimulia kisa hiki huku akicheka mpaka anashika mbavu.

Kazi alianza mwaka 1962 kama karani, na baadaye akawa mtunza stoo wa shirika moja la umma mjini Arusha. Huko alikuwa mtu. Hakuna msumari uliotoka bila yeye kukohoa kwanza. Mwaka 1991 shirika likapunguza wafanyakazi na Marehemu akawa miongoni mwao. Alirudi nyumbani Kijenge na sanduku la vitu vyake, akakaa barazani miezi mingi, akiangalia vijana waliokuwa wakimnyenyekea wakipita na magari ya mitumba bila kumpungia mkono. Hilo lilimuuma kuliko njaa, na tunasema hivyo kwa kumhurumia.

Mwaka 1992 alipata kazi Njiro, kwenye kampuni ya kupeleka wageni kuwinda, akitunza mahema na bunduki za watu. Mwisho wa msimu uliofuata, mgeni mmoja, askari mstaafu wa huko Ulaya, alimzawadia bastola. Dismasi, aliyekuwa mpishi wa kambi na ambaye ameketi pale nyuma, aliona kwa macho yake. Ilikuwa nakala ya ile bastola ya zamani ya jeshi la Mjerumani, yenye mtutu mwembamba na mpini uliolala, iliyotengenezwa kiwandani miaka hii hii kwa ajili ya watu wanaopenda kupamba kuta zao. Ilikuwa na uzito wa kweli. Magazini ilichomoka, na triga ilibonyea ikalia ta! Lakini mtutu ulizibwa kwa chuma huko huko kiwandani. Mgeni alichukua kijiti cha kiberiti, akakichomeka, kikakwama pale pale mdomoni, wakacheka wote watatu. Marehemu alishukuru, akaifunga kwenye taulo. Alipofika Kijenge ilikuwa tayari ni bastola ya babu.

Aliisugua kwa msasa pembeni ili ionekane imezeeka. Kila Jumamosi baada ya chakula alitandika gazeti barazani na kuipaka mafuta ya cherehani, taratibu, wapita njia wakimwona. Miaka ile ujambazi ulikuwa umeshamiri mjini, na habari zilienea upesi. Akawekwa mwenyekiti wa ulinzi wa mtaa, kisha wa kamati za harusi, kisha wa kila kikao kilichohitaji mtu wa kukaa mbele. Hakuna aliyempinga. Aliulizwa leseni, akasema ipo. Siku moja alikuwa akiwasimulia wageni jinsi babu alivyomnyang'anya ofisa wa Kijerumani bastola hiyo, na Tekla alikuwepo.

"Kaka, babu alirudi na kikombe," Tekla alisema.

"Mambo ya vita hayasimuliwi wanawake," Marehemu alijibu, na wageni wakaangua kicheko. Tekla alibeba mkoba wake akaondoka.

Turudi nyuma kwenye ndoa. Marehemu alifunga ndoa na Susana Mikaeli mwezi Desemba 1974, na Mungu akawajalia watoto wawili, Brightness mwaka 1976 na Hans mwaka 1981. Ilikuwa ndoa ya kawaida, ya kugombana na kupatana. Hakuwahi kumpiga mkewe kabla ya bastola, na baada ya bastola hakuwa na haja. Aliiweka tu mezani, kando ya bakuli la sukari, na neno lake likapita.

Mwaka 1995 Brightness alipata ujauzito wa kijana mmoja dalali wa Tanzanite, aliyekwenda Mererani kutafuta bahati na hajaonekana mpaka leo. Marehemu aliita kikao cha watu wanne sebuleni, yeye, mke na watoto, bastola katikati. Alimwambia Brightness atoke na nguo alizovaa, akamgeukia mkewe. "Akikanyaga hapa tena namlipua. Na wewe ukimfuata, nawalipua wote wawili, huko huko nitakakowakuta." Kisha akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo mkewe asiitwe Mama Brightness, aitwe Mama Hans. Majirani walitii. Na Susana mwenyewe alikuwa akiitika.

Brightness alipanga chumba Kaloleni, akawa anauza maandazi karibu na uwanja wa mpira. Kutoka Kijenge mpaka pale mtu anakwenda kwa miguu na kurudi bila chakula jikoni kuungua. Mwezi Novemba alijifungua mtoto wa kike, akamwita Susana. Tekla ndiye aliyepeleka habari. Susana mkubwa alizipokea jikoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga, akauliza mtoto amefanana na nani, na akaomba Tekla aseme polepole.

Januari kichanga kikashikwa na kifua. Tekla alikuja mbio. "Wifi, mtoto hali mbaya. Brightness anakuita. Hamwiti mtu mwingine, anakuita wewe."

Susana alivaa viatu. Alichukua kanga mbili na pesa alizoficha kwenye kopo la chumvi, akafika mlangoni. Marehemu alikuwa mezani anasoma gazeti. Hakuinua sauti. Aliitoa bastola mfukoni mwa koti, akaiweka kando ya sukari, akasema, "Nenda tu, Mama Hans. Mlango uko wazi."

Susana aliitazama bastola. Kisha akavua viatu, akarudi jikoni, akapika loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa mgando, na Marehemu akala akaongeza. Kesho yake mtoto akafa. Alizikwa na majirani wa Kaloleni, watu wa dini zote, waliochangishana sanda na nauli. Bibi yake hakuwepo. Tunaandika haya yote tukijua kwamba pale mezani palikuwa na pande la chuma lisiloweza kuua kuku, na kwamba mtu mmoja tu nyumbani mle alilijua hilo, na alikuwa akiomba aongezewe maziwa.

Juni 1998 Marehemu alianguka bafuni kwa kiharusi. Upande wa kulia ukafa, pamoja na mkono aliokuwa akisafishia bastola, na ulimi nao ukaenda. Susana alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Alimhudumia vizuri, madaktari wenyewe walimsifu. Lakini aliogopa bado. Bastola ilikuwa chini ya mto, na aliamini polisi wakiikuta mwenye leseni akiwa hajiwezi, yeye ndiye atakayefungwa. Basi asubuhi moja aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya kikapu chini ya ndizi, akaenda kituoni roho mkononi.

Askari wa zamu aliifungua kwa tahadhari. Akaigeuza. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia mdomo wa mtutu, kisha akamwita mwenzake.

"Mama, nani kakuambia hii ni bastola?"

"Mume wangu."

"Hii ni ya maonyesho, mama. Haina tundu. Haiwezi kumuua hata panya, labda umrushie." Wakacheka, na tunawaelewa, hata sisi tungecheka. Walinyamaza walipoona mama amekaa sakafuni. Yule wa kwanza akamwinua, akamrudishia kitu chake kwenye kikapu, akasema kwa upole, "Rudi nayo tu nyumbani, wape wajukuu wachezee."

"Mjukuu alikuwepo," Susana alisema.

Hakurudi Kijenge. Alitoka kituoni akaenda moja kwa moja Kaloleni, kwa miguu, na ndizi zake. Alikuwa hajamwona binti yake kwa miaka mitatu hivi. Alimkuta anakanda unga. Tekla alikuwa hapo, na anayoyasoma sasa aliyasikia mwenyewe.

"Mwanangu, haikuwa ya kweli," Susana alisema, hata salamu hakuitikia. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ona. Shika mwenyewe. Haina tundu! Alitudanganya wote!"

Brightness alifuta mikono, akaishika. Akabonyeza triga, ikalia ta. Akamrudishia.

"Sasa mama, nifurahi?"

"Niliogopa atakuua. Aliapa atatuua wote wawili."

"Mimi nilikuwa nakusubiri," Brightness alisema. "Mtoto anakoroma, mimi nasikiliza miguu ya watu kwenye korido, nasema huyu ni mama. Kila aliyepita nikasema huyu ni mama. Ingekuwa ya kweli, ukaja, akakupiga risasi, ningekuzika nikijua nilikuwa na mama. Umekuja leo kwa sababu umeambiwa haiui."

Susana alipiga magoti. Alisema yote ambayo mama anaweza kusema. Brightness alimwinua, kwa adabu kabisa, akambebea kikapu mpaka barabarani, akamwambia, "Nenda mama, mgonjwa yuko peke yake." Ile adabu ndiyo iliyommaliza Susana. Angetukanwa angepumua.

Alirudi nyumbani, akamlisha Marehemu uji, akamfuta kidevu, akaiweka bastola juu ya kifua chake. "Baba Brightness," alimwita kwa jina ambalo Marehemu mwenyewe alilifuta. "Nimeijua." Marehemu alifumba jicho.

Kuanzia kesho yake bastola ilikuwa mali ya watoto wa mtaa. Susana aliwaita waichezee chini ya dirisha la mgonjwa, na aliwagawia karanga ili wasiende mbali. "Pa! Pa! Mzee Nanyaro, umekufa!" Susana hakuwakataza. Wanajumuiya walipokuja kumwombea, aliwaeleza kisa chote wakiwa wamezunguka kitanda, akimwonyesha kwa kidole, kabla hajawaruhusu kufungua vitabu vya nyimbo. Wanaume waliokuwa wakimwamkia shikamoo tangu wakiwa mbali walitoka nje kucheka. Marehemu alisikia kila kitu. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile lililokuwa bado linamtii, na Susana aliyafuta kwa kitambaa safi. Wapo watakaosema huu ulikuwa ukatili. Ulikuwa ukatili, na mjane ameagiza usomwe hivyo hivyo. Bastola yenyewe watoto waliipoteza mtaroni wakati wa mvua, hakuna aliyeitafuta.

Susana aliendelea kwenda Kaloleni. Wakati mwingine mlango ulifunguliwa akapewa chai na kiti, wakati mwingine haukufunguliwa. Alhamisi tarehe 9 Septemba 1999, mchana, Susana akiwa huko amesimama mlangoni, Marehemu alipatwa na kiharusi cha pili na kuaga dunia akiwa na miaka hamsini na minane. Hakukuwa na mtu chumbani. Susana aliporudi alimkuta ameanza kupoa, akamfunga kidevu mwenyewe, akamwosha mwenyewe, kisha ndipo akapiga yowe.

Familia inawashukuru wachungaji, wanajumuiya, majirani wa Kijenge na ndugu wa Poli. Marehemu ameacha mjane, Susana, dada mmoja, Tekla, na watoto.

Hapo kwenye watoto tulikuwa tumeanza na jina la Brightness, kama mila ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Juzi Tekla alimpelekea karatasi hii kabla haijapigwa chapa. Aliisoma yote amesimama, mpaka mwisho, hakubishia neno. Kisha akasema, "Shangazi, nifute. Huyo baba nilishamaliza naye zamani, wala simchukii. Lakini watu wakiliona jina langu watajua mama ana watoto wawili. Andika mmoja."

Tekla alirudi nayo kwa mjane, akidhani atakataa, kama alivyokataa kila kitu kingine kulainishwa. Susana alikaa nayo mapajani. Akaomba kalamu, akalikata jina mwenyewe.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Hans. Mungu amlaze Aminiel mahali pa utulivu.