Wasifu wa Mzee Macho, Mjuzi wa Rangi za Magarimoshi ya Bati

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Macho, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kifungua mimba wa karani wa stesheni. Alisoma shule ya nyuma ya stesheni hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1966.

Mwaka 1973 alianza kazi ya kukarabati vitu vya kuchezea vya kale, na jina lake likaenea kwa kutambua rangi adimu za magarimoshi ya bati. Kanuni yake ilikuwa moja: usihukumu rangi kabla ya kukunjua kikunjo, kile kilimi cha bati kinachoshika bodi, na kutazama chini yake, mahali ambapo jua halijafika. Hapo ndipo rangi ya kiwandani hubaki. Mteja mwenye haraka aliambiwa akanunue mkate.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978. Bibi harusi alisubiri dakika arobaini, maana bwana harusi alikuwa akibishana na fundi cherehani kwamba koti na suruali havikuwa na weusi mmoja.

Mwaka 1994 mdogo wake, ndiye anayesoma hapa, alimpelekea garimoshi la kahawia, kitu pekee walichoachiwa na baba yao. Kiwanda kilicholiunda kilijulikana kwa magarimoshi mekundu. La kahawia lilisikika tu kwa uvumi. Marehemu alilitazama akiwa amesimama mlangoni.

"Limebabuliwa na jua," alisema. "Lilikuwa jekundu. Lipake upya, wanao walichezee."

Magarimoshi ya wageni yalifunguliwa. La nyumbani halikustahili. Mdogo mtu akalipaka rangi nyekundu. Baada ya miaka miwili gurudumu lilichomoka, akalirudisha garimoshi kwa kaka yake. Akaambiwa limeharibika, limetupwa.

Mwaka 2023 mapafu yalimlemea, na daktari alilaumu dawa za kubabua rangi. Tarehe 9 Juni, kitandani hospitalini, alitoa garimoshi lile lile chini ya mto. Ubavu mmoja ulikuwa mwekundu, wa pili bati tupu. Lilipoletwa kwa ajili ya gurudumu, alikuwa amekuta kahawia chini ya kikunjo, akalificha, akakwangua nyekundu kwa miaka akiitafuta kahawia, hata akaiondoa nayo.

"Nilihukumu bila kufungua," alisema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake alijaa hasira. Alijibu kwamba wataongea kesho. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 10.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake, aliyeleta jibu leo, siku ambayo kaka yake halisikii tena: amekusamehe, kaka, ingawa bado inamuuma. Upumzike kwa amani.