Bwana Usiguse na Shuka la Mashine

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wetu wa idara ya picha anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wahariri wa jarida la wafanyakazi wameniomba niandike maneno matamu. Nimetafuta, nimepata machache, nitayatumia kwa uangalifu.

Alianza kama daktari kijana wa eksirei, akapanda vyeo bila kumkanyaga mtu yeyote ambaye hakuwa njiani mwake. Tai yake haijawahi kwenda upande. Na hapa hospitalini hakuna aliyepigwa picha mara nyingi kama yeye, wagonjwa wakiwemo.

Kipenzi chake kilikuwa ile mashine ya kupima matiti kwa dawa. Mgonjwa huchomwa mkononi dawa yenye ayodini, ikaenda na damu, na penye saratani pakang'aa. Kwa titi lenye nyama nzito, ambalo picha ya kawaida huliona jeupe tupu, kipimo hiki ni mkombozi. Mkuu alipigana kufa na kupona tuipate. Ilipofika akaifunika shuka lililotariziwa pindo, akabandika karatasi ya USIGUSE, nasi tukampa jina hilohilo. Wageni wakija, shuka lilitolewa, wakiondoka, lilirudi. Tukiuliza habari za wagonjwa, tuliambiwa dawa inaweza kuleta mzio, na tena mashine haijazinduliwa. Mzio tunajua kuutibu. Mzinduzi alikuwa na shughuli nyingi.

Shuka hilo lilifuliwa na mama dobi wetu, naye alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Picha ya kawaida haikuonyesha kitu. Mkuu, bila kuinua macho, akamwambia ni umri tu, akapumzike. Alirudi tena, akajibiwa vilevile.

"Mwanangu," aliniambia akikunja shuka, "kila Jumamosi naifulia nguo mashine hii. Yenyewe haiwezi kunitazama hata mara moja?"

Hasira ya siku ile ninayo hadi leo. Mkuu alipokwenda likizo tukaifunua. Tulipima figo za mama dobi kwanza, maana ndizo huitoa dawa hiyo mwilini, tukamchoma dawa, tukapiga picha. Doa liling'aa palepale alipokuwa akituonyesha kwa kidole siku zote. Alipasuliwa likiwa bado dogo.

Mkuu aliporudi alitupa onyo kali sote. Wiki iliyofuata jarida hili lilitaka habari za mafanikio ya idara, akasimama kando ya mashine na kutabasamu. Mama dobi hakuitwa.

Basi, Mkuu, asante kwa mashine, na asante zaidi kwa likizo yako. Zawadi yetu ni lile shuka, maana sisi hatulihitaji tena. Mama dobi amelipiga pasi mwenyewe kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado unamuuma. Tunakutakia maisha mema, na siku ukiugua, umpate daktari asiyeogopa kufunua mashine.