Wasifu wa Mama Mencha, Aliyeng'oa Komeo

Clemencia Zúniga Orellana
23 Novemba 1957 – 19 Juni 2024
Unasomwa na mdogo wake, Abelino Zúniga, katika Kanisa la San Martín, mtaa wa Nueva Betania

Padre, ndugu wafiwa, akina mama wa jikoni, majirani wa juu ya reli na majirani wa chini ya reli. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu, ingawa upole wote wa familia yetu aliuchukua marehemu, mimi nikaachiwa ukoko.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Mencha, alizaliwa tarehe 23 Novemba 1957 katika kijiji cha El Guayabal, mkoa wa Santa Bárbara, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Tiburcio Zúniga na marehemu mama Casilda Orellana. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Klementi, na kama ilivyo desturi ya sikukuu za kwetu, baada ya misa wanaume walilewa, na baada ya kulewa wakashikiana mapanga. Mkunga alikuwa ameshapokea kichwa na bega la mtoto alipoitwa akawashone waliokatwa, akaenda. Mama yetu aliimaliza kazi peke yake. Alipenda kutuambia kwamba siku ile ilikatwa nyama nyingi ya watu kijijini, na katika yote hiyo ni kitovu cha Mencha tu kilichokatwa kwa sababu ya maana.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1965 na kufika darasa la nne. Mwalimu wao aliwaonya watoto wa wenye ng'ombe kwa maneno, na watoto wa maskini kwa ubapa wa rula. Siku alipompasua sikio mtoto aliyekaa dawati moja na Mencha, dada yangu alimnyang'anya ile rula, akaivunja gotini, akamrudishia vipande. "Shika, mwalimu, sasa unazo mbili." Masomo yakaishia hapo. Kusoma sawasawa alijifunza kanisani, kwa katekista, na mwaka 1983 akawa mwanamke wa kwanza katika kambi yetu ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi kuteuliwa kuongoza ibada pale padre asipofika. Wanaume wawili walihama dhehebu kwa hasira. Yeye alisema waliobaki wanatosha kubeba viti.

Kazi alianza mwaka 1974, kimbunga kilipotutoa milimani kikatushusha bondeni, karibu na La Lima. Alifunga ndizi kwenye maboksi kwa miaka mingi, kisha akashona mashati kiwandani. Kimbunga cha mwaka 1998 kiliifagia kambi pamoja na watu tuliokula nao. Tuliosalia tukajenga Nueva Betania hapa kando ya reli ya zamani ya ndizi, nje kidogo ya San Pedro Sula. Mwaka uliofuata, yeye na akina mama wa kanisa wakaanzisha sufuria la Jumatano: maharage mekundu, wali na tortilla, zile chapati za mahindi, kwa wazee, kwa wagonjwa, na kwa wahamiaji wanaofukuzwa na kurudishwa kwa ndege kutoka Kaskazini wakiwa na viatu visivyo na kamba. Baadaye vijana wenye bunduki waligawana mtaa wakaifanya reli kuwa mpaka. Aliyevuka bila ruhusa aliokotwa vipande. Ukumbi wa kanisa umekaa juu ya mpaka wenyewe, hivyo likabaki sufuria lile tu lililolisha watu wa pande zote mbili.

Tarehe 6 Mei 1978 alifunga ndoa na bwana Rosalío Pineda, wakajaliwa watoto watatu. Rosalío alikuwa anampiga. Ninalisema kwa sababu marehemu alitaka lisemwe, na shemeji mwenyewe amekubali. "Soma tu, shemeji," aliniambia jana. "Bora nilisikie hapa kuliko nilisikie mbinguni." Alipomvunja mkono, mwaka 1986, akina mama wa kanisa waliingia nyumbani kwake na vigoda vyao na rozari zao, wakakaa. Walipika kwake, walisali kwake, walilala kwake, na kila alipofungua mdomo walianza rozari upya.

"Mtaondoka lini?" akauliza siku ya pili.

"Ukimaliza kupiga," wakamjibu. "Umemaliza?"

Alimaliza. Pombe ilimchukua miaka mingine mitatu, ila mkono hakuuinua tena, na leo amekaa pale mbele akilia kama mtoto. Mpeni kitambaa.

Sasa nafika mahali ambapo Padre alinishauri nipite haraka. Sitapita haraka.

Mnajua posada ilivyo. Siku zile za kuelekea Krismasi, walio nje wanabeba sanamu za Yosefu na Maria, wanabisha hodi na kuomba malazi kwa wimbo. Walio ndani wanawafukuza kwa wimbo, na utani juu yake, wanafukuza tena, na mwisho kabisa ndipo mlango unafunguliwa na tamale za mahindi zinamenywa majani na kuliwa. Mencha alikuwa sauti ya ndani. Hapakuwa na mtu aliyejua kuifukuza Familia Takatifu kama yeye. Tarehe 18 Desemba 2011 posada ilikuwa hapa ukumbini. Tulikuwa tumezoea kuanza saa kumi, jua likiwaka, kwa sababu giza lilikuwa na wenyewe. Sisi wa nje, mimi nikiwa nimembeba Yosefu, tulichelewa, maana punda wa mzee Abundio aligoma kuvuka reli.

Hodi ikapigwa. Aliyebisha alikuwa Nahún, kijana wa miaka kumi na saba, mtoto wa mama Digna muuza tortilla, amekimbia kutoka chini ya reli na tundu la kisu mgongoni.

"Mama Mencha! Nifungulie, nakufa!"

Ndani wakaangua kicheko. Kila mwaka lazima atokee Yosefu mmoja wa kutia chumvi.

"Kafie huko huko, baba!" Mencha akamjibu. "Hapa pamejaa!"

"Mama, ni kweli! Wanakuja!"

"Waje! Wewe na punda wako mkalale kwa wakwe zenu!"

Gitaa likaanza, na akina mama wakaimba beti za kukataa, zote, kwa nguvu, kama inavyotakiwa. Waliokuwa wakimfukuza walimfikia wimbo ukiendelea. Walitumia mapanga. Ukumbini walisikia mlango ukigongwa na kelele zikipigwa, wakadhani ni sisi tumenogewa, wakaongeza sauti. Sisi tulipokata kona hao walikuwa wameshaondoka, na mlango ulikuwa mwekundu mpaka kifuani. Mencha aliufungua akitabasamu, sinia la tamale mikononi. Nahún alikuwa ameegemea pale, akamwangukia miguuni.

Siku ya mazishi ya Nahún, mama Digna alimpiga dada yangu ngumi ya mdomo mbele ya kaburi. Jino la mbele likatoka. Hakuna aliyemshika Digna mkono, na dada yangu hakuuinamisha uso wake. Watoto walitaka kumwekea jino la bandia, akakataa. "Pengo hili lina mwenyewe," alisema. Mlipopita kumuaga asubuhi mmeliona.

Juma lile lile alikuja ukumbini na nyundo akang'oa komeo la mlango, akalitupa katika choo cha shimo. Mzee Abundio, mwenyekiti wetu wa baraza, akamfuata mbio.

"Mama Mencha, na wezi je?"

"Wataiba nini, maharage? Waambie yanaiva saa sita."

Tangu hapo neno "karibu" lilimtoka kabla hodi haijaisha. Beti za kukataa akazipiga marufuku: walio nje wanaomba mara moja, mlango unafunguliwa. Ndiyo sababu posada yetu ni fupi kuliko zote nchini, na mzee Abundio hajachoka kuuliza kama hii ni posada au ni kituo cha basi. Waliingia waliochomwa visu, wanawake waliokimbia waume, vijana waliotoroka bunduki. Walikula kwanza, maswali baadaye. Mara moja kijana mmoja mwenye bastola kiunoni alikuja kumuuliza, "Mama, unamficha nani humu ndani?" Akamwambia, "Namficha Yesu. Kaa chini, nawa mikono." Kijana alikaa, akanawa.

Na Jumatano moja ya Kwaresima iliyofuata alibisha mama Digna.

"Sijaja kukusamehe," akasema. "Nimekuja kwa sababu tortilla zenu ni mbaya."

"Mbaya kweli," Mencha akamwambia. "Ingia utengeneze."

Wamesimama kwenye moto mmoja miaka kumi na miwili, wakaitana shoga. Kama Digna alimsamehe hakuwahi kusema, na marehemu hakuwahi kuuliza.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2016. Tulimlinda asile vitamu, naye akatushinda ujanja: mikate ya sukari aliificha chini ya joho la sanamu ya San Martín kule sakristia, chumba cha mavazi ya padre, akijua hakuna atakayethubutu kumpekua mtakatifu. Mwaka 2021 alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alichechemea lakini hakukosa Jumatano hata moja. Sote tulijua kisukari ndicho kitakachomchukua, tukaanza hata kujizoeza. Kisukari hakikupata nafasi.

Jumatano ya tarehe 19 Juni, maharage yakiwa motoni, binti mmoja wa juu ya reli alibisha hodi. Mkubwa wa vijana wa huko alikuwa amemtuma mtu amchukue, kama anavyowachukua mabinti wengine, naye alikataa. Jibu lilirudi kwamba kama hataki kuja mzima, kitaletwa kichwa. Mencha akamfungulia, akamkalisha, akampa kahawa. Kahawa haijapoa, hodi ya pili ikapigwa, hii kwa kitako cha bastola.

"Shoga, usifungue," akasema Digna.

"Wataingia tu. Komeo halipo, na aliyeling'oa ni mimi. Mpitishe mtoto sakristia, umvushe ukuta. Nenda."

Akafuta mikono, akachechemea mpaka mlangoni, akafungua, akasimama katikati na kushika miimo yote miwili. Walikuwa vijana watatu. Wote watatu alishawahi kuwalisha.

"Mama Mencha, tupishe. Hatuna shida na wewe."

"Nendeni zenu, wanangu. Leo hapa hapana nafasi."

"Usitutanie, mama."

Ndipo akaimba. Aliimba beti za kukataa, zile alizozipiga marufuku kwa miaka yote ile, kwa sauti yake ya zamani. Akina mama waliokuwa jikoni wakaitikia, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa tangu utoto. Na wale vijana walisimama. Wamekulia hapa, wamekula tamale za posada hapa, na katika wimbo ule aliye nje huwa anangoja. Mke wangu alikuwepo, anasema midomo ya mdogo kuliko wote ilianza kucheza, anajibu sehemu ya Yosefu. Wimbo ule una beti nyingi, Mungu ashukuriwe. Ulipoisha, mahali ambapo mlango hufunguliwa, Mencha hakusogea. Wakampiga risasi tatu, mbili kifuani na moja usoni, ndiyo maana shavu la kulia tumelifunika kwa kitambaa cheupe. Waliporuka mwili wake walipokelewa na sufuria la maharage yaliyokuwa yanachemka. Kwa hilo akina mama hawaombi radhi, na mimi siwaombei. Binti alikuwa ameshavuka ukuta.

Marehemu ameacha mume, bwana Rosalío Pineda, watoto watatu, Suyapa, Nohemí na Rigoberto, ambaye yuko Houston na anatusikiliza kwa simu, wajukuu saba, mdogo mmoja, mimi, na shoga yake, mama Digna. Ameacha pia binti mmoja aliye mbali, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi hii.

Nina neno la mwisho. Jana baraza lilinunua komeo jipya, la chuma, zito. Siwalaumu. Mnaogopa, nami naogopa. Lakini tulipokuwa tunamvisha, mama Digna alilichukua mezani, akaliweka ndani ya jeneza, chini ya ile miguu yenye vidole vinane, nami leo, mlipokwisha kumuaga, nikapigilia misumari. Anayelitaka aseme sasa, kabla udongo haujaingia.

Basi Jumatano sufuria litakuwa motoni. Nanyi mliomuua, ambao ninawajua kwa majina ya ubatizo, na mmoja wenu anajulikana sasa na kila mtu kwa uso wake uliobabuka, jueni kwamba mlango hauna komeo bado. Mkibisha, atakayefungua ni Digna. Atawapokea namna gani sijui. Hajaniambia.

Dada yangu aliwakatalia watu mlangoni mara mbili maishani mwake, mara ya kwanza kwa kosa, mara ya pili kwa makusudi. Bwana, akibisha hodi kwako, usimwimbie. Mfungulie mara ya kwanza, aingie, akae, apumzike kwa amani.