Kumuaga Poranek, Baba wa Kundi Zima

Mheshimiwa Mkuu wa Misitu, Baba Padri, wageni wetu mliotoka milimani na lori lenu, na ninyi wanakijiji wenzangu wa Lipowo: karibuni, na mkanyage polepole, theluji inayeyuka.

Leo tunamuaga Poranek, dume letu la baisani, yule nyati mwenye manyoya wa misitu ya baridi. Amelitumikia kundi vizuri, tena kupita kiasi! Ndama wote mnaowaona pale nyuma ya uzio ni wake. Sasa mabinti zake wamekua, na msimu uliopita wa kupandana alianza kuwafuata. Je, ndugu zangu, kuna kijiji kinachovumilia mambo hayo? Damu ikirudiana, ndama huzaliwa dhaifu, na kundi tulilolijenga kwa jasho litakwisha. Kule milimani wapo majike wasio ndugu zake, na jana wenzetu walituletea dume lao kijana. Tumekuwa wakwe.

Ila lori hili leo linakuja mara ya tatu. Mara mbili tuliweka bitiruti ndani ya sanduku la kumsafirishia, Poranek akanusa, akatugeuzia makalio. Wataalamu wakasema ana woga. Baba Padri akanyunyiza maji ya baraka. Kumbe! Siri aliitoa Bi. Apolonia, mke wa mtunzaji wetu Wincenty: "Woga gani? Mume wangu kamshindilia bitiruti tangu alfajiri. Mnyama kashiba hivyo, aingie sandukuni kutafuta nini?"

Msicheke sana, Wincenty mwenyewe yupo hapa. Poranek alipofiwa na mama yake, ni yeye aliyemnywesha maziwa kwa chupa. Nilimwendea nikamuuliza, "Bwana Wincenty, kwani unampenda?"

"Kuliko baadhi ya wajukuu zangu."

"Basi mwache akaoe!"

Akanifungia mlango usoni, mimi mwenyekiti wake. Nilikasirika, sifichi.

Leo asubuhi amekuja kwangu, kofia mkononi, macho mekundu. Nikajua mambo yameharibika tena. Akasema, "Mama mwenyekiti, lile dume kijana limenilamba mkono. Kuna mtu huko milimani kalilea, na kaliachia lije kwetu."

Akaivaa kofia yake.

"Leo Poranek sijamlisha."

Wageni wetu, mpelekeeni mtu huyo salamu zetu. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunitegea masikio kwenye baridi hii. Sasa tukae kimya. Bwana Wincenty, mwite.